Orodha ya Kusubiri Nafasi ya Shule: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Kila Mwaka

Haya ni maswali yanayorudi kila msimu wa kuandikisha wanafunzi, dirishani kwetu ofisini na kwenye simu, kwa maneno yaleyale karibu. Yamepewa namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya shule mbili zinazotenganishwa na ukuta, kwa hiyo sheria ya mahali fulani ikitajwa hapa, ni mfano tu. Kanuni za shule mnayoomba ndizo zenye kauli ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Orodha ya kusubiri ni nini hasa?

Ni majina ya watoto ambao maombi yao yamekamilika na wanastahili kupokelewa, lakini viti vimekwisha. Aliyekataliwa ameambiwa hapana. Aliye kwenye orodha ameambiwa "kwa sasa hakuna, ila mtu akitoka tutakuangalia".

Neno "kusubiri" linapotosha kidogo. Linaleta picha ya foleni: aliyewahi ndiye anayehudumiwa kwanza, na kila anayeondoka mbele anakusogeza hatua moja. Orodha nyingi za shule haziendi hivyo. Ni mpangilio wa kipaumbele, na hupangwa upya kila jina linapoingia au kutoka. Mzazi akilielewa hilo, nusu ya maswali ya chini huwa yamejijibu.

2. Kwa nini wasiongeze kiti kimoja tu?

Mzazi anaona kiti. Shule inaona sheria ya idadi ya wanafunzi, ukubwa wa chumba, idadi ya walimu na vyoo. Kule England, kwa mfano, madarasa ya watoto wa umri wa miaka 5 hadi 7 hayaruhusiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa kwenye kanuni. Mtoto wa 31 anaweza kuilazimu shule iajiri mwalimu mwingine. Na kiti kikishaongezwa hakiondoki mwakani: mtoto yule atapanda nacho darasa hadi darasa mpaka amalize.

Kiti mnachokiona kitupu mkipita darasani nacho si lazima kiwe wazi. Huenda mwenyewe ameshakubali nafasi na hajafika bado. Tazama swali la 12.

3. Jina letu huingia lenyewe, au ni lazima tuombe?

Yote mawili yapo. Baadhi ya shule humwingiza kila aliyekosa bila kuulizwa. Nyingine hutuma barua yenye mstari mdogo chini kabisa: ukitaka jina lako libaki, thibitisha kabla ya tarehe fulani. Mstari huo hupoteza watoto wengi kuliko ushindani wenyewe, kwa sababu mzazi akishasoma "tunasikitika kukufahamisha" huwa hafiki tena chini ya barua.

Pia kuna orodha zinazotaka uthibitishe upya kila muhula au kila mwaka. Ukikaa kimya, wanachukulia kwamba umepata pengine. Siku ya kwanza tu, uliza mambo mawili: jina limeingia lini, na linahitaji kuhuishwa lini. Majibu yawe kwenye maandishi.

4. Tunaruhusiwa kuwa kwenye orodha za shule ngapi?

Shule zinazojiendesha zenyewe hazifuatiliani, kwa hiyo ni nyingi kadiri mtakavyoweza kulipia ada za maombi. Pale ambapo mji au wilaya huendesha maombi ya pamoja, idadi hupangwa na mfumo wenyewe.

## Namba yenu na maana yake

5. Nani hutangulia?

Kuna namna tatu kuu. Ya kwanza ni vigezo: shule huweka madaraja ya kipaumbele, kama vile watoto walio chini ya uangalizi wa serikali, wenye ndugu shuleni, wanaoishi karibu, watoto wa wafanyakazi. Ya pili ni bahati nasibu: kila mtoto hupewa namba bila upendeleo, na namba hiyo humfuata hadi mwisho. Ya tatu ni tarehe ya maombi, aliyewahi ametangulia. Hiyo ya tatu ipo zaidi katika shule za kulipia, na ndiyo sababu kuna wazazi wanaojaza fomu mtoto akiwa bado mchanga.

Mara nyingi hizi huchanganywa: vigezo hugawa watoto katika makundi, kisha bahati nasibu au umbali huwapanga waliomo ndani ya kundi moja. Shule zinazotoa mtihani wa kujiunga hupanga kwa alama, na hapo orodha ya kusubiri ni mwendelezo tu wa orodha ya matokeo.

Swali zuri la kuuliza ofisini si "tuko wa ngapi?" bali "tuko kundi gani, na ndani ya kundi mnapanga kwa kigezo gani?" Karani akijibu hilo, mtakuwa mnajua mengi kuliko mwenye namba tupu.

6. Mwezi uliopita tulikuwa wa 4. Sasa tumekuwa wa 7. Nani ametupita?

Hili ndilo swali lenye hasira kuliko yote, na hasira yenyewe inaeleweka. Lakini mara nyingi hakuna aliyefanya hila.

Chukueni shule inayotanguliza wenye ndugu, kisha umbali. Nyumba yenu iko mita 900 kutoka shuleni na hamna mtoto mwingine pale. Mbele yenu wako watatu. Mwezi huu familia imehamia mita 300 kutoka getini na kuleta maombi: imewapita. Wiki inayofuata mzazi mwenye mtoto wa darasa la tatu pale pale ameomba nafasi ya mdogo wake: amewapita. Kisha familia moja ya kule nyuma yenu, iliyokuwa mita 1,400, imehamia mita 500 na kuleta uthibitisho wa anwani: nayo imewapita. Hakuna kiti kilichotoka wala aliyepewa upendeleo, na nyinyi mmeshuka kutoka 4 hadi 7.

Kanuni za uandikishaji za England zinaliweka hili wazi kuliko nyingi: kila mtoto anapoongezwa, orodha lazima ipangwe upya kwa kufuata vigezo vilivyotangazwa, na ni marufuku kumtanguliza mtoto kwa sababu tu jina lake liliingia mapema. Kwa hiyo mzazi anayesema "tumesubiri miezi mitano" anasema kweli, ila miezi hiyo haina uzito wowote kwenye mizani ya shule.

Mnapoweza kuwa na kesi ni pale vigezo vilipotumika vibaya: umbali umepimwa kutoka anwani ya zamani, au alama ya ndugu haikuwekwa kwenye faili. Ombeni maelezo ya namna jina lenu lilivyopangwa. Makosa ya kuingiza taarifa yapo, na husahihishwa kwa urahisi zaidi kabla ya viti kugawiwa kuliko baada.

Pale inapotumika bahati nasibu au tarehe, kushuka ni nadra, na mtu akishuka kuna haja ya kuuliza.

7. Namba 5 ni karibu au mbali?

Peke yake haisemi kitu. Shule inayopokea watoto 120 darasa la kuanzia hupoteza familia kadhaa kila mwaka: wanaohama, wanaopata shule nyingine, wanaobadili mawazo. Hapo namba 5 ni karibu sana. Shule ya watoto 25 inaweza kukaa mwaka mzima bila kumwita hata mmoja. Na darasa la katikati, tuseme la nne, halina mzunguko wa kila mwaka. Mpaka mtu ahame, hata namba 1 ni mbali.

Ulizeni hivi: "Mwaka jana, kwa darasa hili hili, jina la mwisho kuitwa lilikuwa la ngapi, na liliitwa mwezi gani?" Mkipata miaka mitatu, bora zaidi. Mwaka mmoja unaweza kudanganya, hasa kama kulifunguliwa shule mpya jirani.

Hakikisheni pia ni namba 5 ya orodha ipi. Shule zenye bweni na kutwa, wavulana na wasichana, au mikondo ya lugha tofauti, huwa na orodha kadhaa chini ya jina moja. Kitanda cha wasichana kikitoka hakimsaidii mvulana wa kwanza.

8. Umbali unapimwaje? Simu yangu inaonyesha tofauti.

Simu hukupa njia ya gari au ya miguu. Shule nyingi hupima mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo, kutoka sehemu maalumu ya nyumba hadi sehemu maalumu ya shule, kwa programu moja kwa waombaji wote. Nyingine hupima njia fupi salama ya kutembea. Mto au reli ikiwa katikati, njia hizo mbili hutoa majibu yaliyo mbali kabisa, kwa hiyo someni kanuni inasemaje kabla ya kubishana. Wanaoishi jengo moja la ghorofa huweza kutoka sawasawa kabisa, na hapo kwa kawaida bahati nasibu huamua.

9. Dada yake yuko shuleni hapo. Si ana nafasi ya uhakika?

Ana kipaumbele, hana uhakika. Mwaka ambao wenye ndugu ni wengi kuliko viti, nao hupangwa wao kwa wao. Someni pia tafsiri ya neno "ndugu" kwenye kanuni: je, binamu anayelelewa nyumba moja yumo? Mtoto wa kambo? Na je, dada mkubwa lazima awe bado anasoma mdogo atakapoanza, au inatosha kwamba alisoma hapo? Familia yenye mtoto wa darasa la mwisho hunaswa na swali hilo la mwisho.

Kuhusu mapacha: inawezekana kabisa mmoja apate kiti cha mwisho na mwenzake abaki wa kwanza kwenye orodha. Mifumo mingine imeliona hilo. Kanuni za England huruhusu pacha wa aliyepata kiti cha 30 apokelewe ingawa darasa litazidi. Pasipo na kanuni ya aina hiyo, andikeni mapema kwamba maombi yenu ni ya watoto wawili, na ulizeni itakuwaje kiti kikitoka kimoja.

10. Tukipiga simu kila wiki inasaidia?

Kwenye orodha ya vigezo, hapana. Mara moja kwa mwezi inatosha, na wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa mnaweza kuongeza. Shule za kulipia zenye uhuru wa kuchagua ni tofauti kidogo: barua moja fupi inayosema kwamba tukiitwa tutakuja bila kusita huwekwa kwenye faili, na hukumbukwa. Moja. Ya nne husomwa kwa sauti nyingine.

11. Kuna mtu anasema anaweza kutusogeza mbele kwa malipo.

Msimlipe. Akiwa hana uwezo huo, mmetapeliwa. Akiwa nao, nafasi iliyopatikana hivyo hufutwa ikigundulika, na anayetolewa darasani mbele ya wenzake ni mtoto, si yule mtu.

## Orodha inasogea lini, na kwa nini

12. Nafasi hutoka wakati gani?

Hutoka kwa mawimbi. Wimbi la kwanza ni baada ya tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi: waliopata shule mbili au tatu huachia zilizobaki. La pili, kwa shule za kulipia, ni baada ya tarehe ya kulipa malipo ya awali, maana wapo wanaokubali kwa maneno tu. La tatu ni wiki ya mwisho kabla ya kufungua. La nne, ambalo wazazi wengi hawalijui, ni siku kumi za kwanza za muhula.

Hilo la nne huanzia kwenye karatasi ya mahudhurio. Siku ya tatu mwalimu wa darasa anaileta ofisini, na mbele ya majina mawili pana alama tatu za kutofika zilizofuatana. Karani anapiga simu. Familia ya kwanza inasema mtoto anaumwa, atakuja Jumatatu. Ya pili haipokei, kisha inajibu kwa ujumbe kwamba walishahama mji tangu likizo, "samahani tulisahau kuwaambia". Kiti kimetoka hapo hapo, na anayeitwa ni yule ambaye simu yake inalia.

Kila kiti pia huvuta mnyororo. Mtoto aliyeitwa kutoka orodha ya shule moja anaacha kiti shule aliyokuwa amekubali, anayekichukua anaacha cha tatu, na hivyo hivyo. Ndiyo maana orodha inaweza kulala wiki sita kisha isogee nafasi nane kwa siku mbili.

13. Tukubali shule nyingine huku tukisubiri?

Kwa kawaida ndiyo, na huu ndio ushauri ninaousimamia kuliko wowote kwenye ukurasa huu. Orodha ya kusubiri si ahadi. Mtoto anayefika siku ya kufungua bila shule yoyote yuko pabaya kuliko aliye kwenye chaguo la tatu.

Wasiwasi wa wazazi ni kwamba kukubali kutawaondoa kwenye orodha. Kule England kukubali nafasi hakuwaondoi kwenye orodha ya shule mliyoitaka zaidi. Jijini New York, mtoto aliyepata shule huwekwa kwenye orodha za shule alizozipanga juu ya ile aliyopata, si za chini yake. Mantiki yake ni kwamba kama ulisema unaipenda hii kuliko ile, kwa nini ukae foleni ya ile? Lakini kuna mifumo ambayo kusaini fomu ya kukubali hufunga maombi mengine yote. Kabla ya kusaini, ulizeni swali hilo moja na mngoje jibu la maandishi.

14. Tukipanga machaguo, tuanze na shule tunayoipenda au tunayoweza kuipata?

Inategemea mfumo unagawaje, na hapa pana hadithi inayostahili nafasi yake. Mji wa Boston, Marekani, ulitumia hadi 2005 utaratibu ambao kila shule ilijazwa kwanza na walioiweka chaguo la kwanza. Ukiweka shule maarufu juu ukaikosa, ulifika chaguo lako la pili ukakuta limeshajaa watu walioliweka la kwanza. Wazazi wajanja walijifunza kudanganya kuhusu wanachokipenda. Wasiojua waliandika ukweli, na ukweli ukawagharimu.

Utaratibu uliochukua mahali pake una mizizi kwenye kazi ya David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962. Shule hushikilia waombaji kwa muda tu. Mtoto anaomba chaguo lake la kwanza, shule inawashika wenye kipaumbele cha juu hadi viti viishe na kuwaachia wengine. Walioachiwa wanaomba chaguo la pili, na shule ya pili inawalinganisha na iliokwisha kuwashika bila kujali nani amekuja raundi ya ngapi. Aliyeshikwa mwanzo anaweza kuachiwa. Mambo yanaendelea hivyo mpaka hakuna wa kuhama. Ukiutazama vizuri, mfumo mzima ni orodha ya kusubiri inayosogea kwa kasi ya kompyuta. Alvin Roth, aliyesaidia kuupanga kwa ajili ya shule za New York na Boston, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Shapley.

Katika mfumo wa aina hii kupanga ukweli hakukuumizi: kuweka shule ngumu juu hakupunguzi nafasi yako kwenye ya pili. Kosa linalobaki ni kuandika shule tatu tu, zote zinazogombewa. Jazeni mistari yote mliyopewa, na wa mwisho uwe shule ambayo mko radhi kweli kumpeleka mtoto. Pale ambapo mfumo bado ni ule wa zamani, chaguo la kwanza ni silaha ya risasi moja, na itumieni pale penye uwezekano.

15. Malipo ya kushikilia nafasi yatarudishwa tukihama shule?

Mara nyingi hapana, na mkataba husema hivyo. Shule ya kulipia hudai malipo hayo kwa sababu ya watu watakaofanya hasa mnachofikiria kufanya. Hesabuni kama bei ya utulivu wa miezi mitatu: inafaa au haifai? Someni pia kifungu cha notisi, kwa sababu shule zingine hudai ada ya muhula mzima mkijitoa baada ya tarehe fulani, na hiyo huuma kuliko malipo ya awali.

## Siku simu inapolia

16. Tunapewa muda gani kujibu?

Mifumo ya pamoja hutoa siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au mbili. Shule binafsi inaweza kutoa saa 24 hadi 48. Muhula ukishaanza, nimeona siku moja.

Msimu mmoja nilipiga namba ileile mara tatu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Namba haikupatikana. Barua pepe ilitumwa pia. Kesho yake jioni kiti kilikwenda kwa wa pili. Siku tisa baadaye mama yake akaja dirishani kuuliza kama orodha imesogea. Alikuwa amebadilisha laini ya simu mwezi uliotangulia, na barua pepe yetu ilikuwa imelala kwenye folda ya barua taka. Hakuna aliyefanya kosa la kutisha, lakini kiti hakikurudi.

Kwa hiyo toeni namba mbili za watu wawili tofauti. Mkibadilisha mawasiliano, wajulisheni siku hiyo hiyo. Pokeeni namba msizozijua katika wiki za mawimbi (swali la 12). Muwe na bahasha moja iliyo tayari: cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule, kadi ya chanjo, uthibitisho wa makazi wa karibuni. Na kubalianeni mapema, wazazi wote wawili, jibu litakuwa nini. Saa 24 huisha haraka pale ambapo mmoja anasema "tufikirie kidogo".

17. Tukikataa mara moja, tunarudi mwisho?

Kwa kawaida jina linatolewa kabisa. Ukitaka kurudi, unaomba upya na kupangwa kwa vigezo kama wengine.

18. Nafasi imetoka katikati ya muhula. Tumhamishe?

Miezi minne nyuma jibu lilikuwa "ndiyo" bila kufikiri. Sasa mtoto ana rafiki, anajua choo kiko wapi, na mwalimu ameshajua kwamba haandiki vizuri akiketi nyuma. Hilo lina thamani, na wazazi hulipuuza kwa sababu halina jina kubwa.

Mimi huwaambia warudi kwenye sababu iliyowafanya waitake shule ile. Kama ilikuwa umbali, na mtoto bado anaamka gizani kila siku, sababu ingali hai. Kama ni ndugu wawili kupelekwa shule mbili tofauti, nayo ingali hai. Lakini kama ilikuwa sifa tu, na mtoto anaendelea vizuri alipo, kukataa si kushindwa. Ulizeni pia kama shule inakubali aanze muhula ujao. Wengi hawakubali kushikilia kiti, ila zikiwa zimebaki wiki mbili tu kufunga, kuuliza hakugharimu kitu.

## Hali zisizo za kawaida

19. Tumehama nyumba tukiwa tunasubiri.

Toeni taarifa hata kama kuhama kunawashusha. Anwani isiyo ya kweli ikigundulika, nafasi huondolewa, pengine baada ya mtoto kuanza. Shule hutazama mkataba wa pango na bili, na baadhi hutembelea. Kupanga chumba karibu na shule kwa miezi miwili bila kuishi humo ni mbinu ya zamani ambayo ofisi zote zinaijua.

20. Wazazi tunaishi nyumba mbili. Tutumie anwani ipi?

Kwa kawaida ni ile mtoto anakolala siku nyingi za shule. Zikigawanyika nusu kwa nusu, kanuni hutaja kigezo kingine, kama vile anwani iliyosajiliwa kwa daktari au kwenye posho ya mtoto. Jambo moja msilifanye: kila mzazi kupeleka fomu yake kwa anwani yake. Maombi mawili ya mtoto mmoja yanaweza kusimamishwa yote mpaka mkubaliane, na orodha haiwangojei.

21. Mtoto ana ulemavu au mahitaji maalumu. Anangoja kwenye orodha hiyo hiyo?

Mara nyingi kuna njia yake tofauti, na mara nyingi wazazi huambiwa wakiwa wamechelewa. England, mtoto ambaye mpango wake rasmi wa elimu na afya umetaja shule fulani kwa jina hupokelewa nje ya orodha. Kwingineko tathmini ya mtaalamu humpandisha kundi la kipaumbele. Anzeni tathmini kabla ya msimu wa maombi, kwa kuwa ndiyo inayochukua miezi. Na ulizeni waziwazi kama kuna mwalimu wa kumsaidia, maana kiti bila msaada ni nusu ya nafasi.

22. Tukikata rufaa, tutapoteza namba yetu kwenye orodha?

Hampaswi kupoteza. Ni milango miwili. Orodha hungoja kiti kitoke; rufaa hudai kwamba uamuzi ulikuwa na kosa, au kwamba hali ya mtoto ni nzito kiasi cha kupokelewa ingawa darasa limejaa. Kwa hiyo "tuko wa 2 kwenye orodha" si hoja ya rufaa. Hoja ni kosa la kupima umbali, kigezo kisichotumika, barua ya daktari. Kosa la wazi huweza kurekebishwa na ofisi yenyewe bila kufika huko (swali la 6).

23. Orodha hufa lini?

Imo ya kufa siku ya kufungua shule, ya mwisho wa muhula, na isiyokufa. England shule hulazimika kuitunza angalau hadi 31 Desemba ya mwaka wa shule husika. Baada ya hapo baadhi huendelea, nyingine hufuta yote na wanaotaka huomba upya. Namba yenu haihami kwenda mwaka ujao isipokuwa mmeambiwa hivyo.

24. Tumepata shule. Ni lazima tujitoe kwenye orodha nyingine?

Jitoeni siku hiyo hiyo. Jina lililokufa mbele ya orodha humlazimu karani kupiga simu, kungoja saa zake 48, kupiga tena, na wakati huo wote aliye nyuma amekaa na simu mkononi. Ujumbe wa mistari miwili unatosha: jina la mtoto kama lilivyoandikwa kwenye fomu, tarehe yake ya kuzaliwa, darasa aliloombewa, na maneno "tumepata nafasi kwingine, tafadhali ondoeni jina hili". Ombeni wajibu kwamba wameupokea, kwa sababu hata ujumbe wa kujitoa huweza kulala kwenye barua taka.